Upakiaji wa Skripti: Istilahi na Hitilafu Zake

Upakiaji wa skripti ni kazi ya kivinjari ya kuichukua skripti mahali ilipohifadhiwa, kuisoma na kuitekeleza ndani ya ukurasa uliofunguliwa. Skripti ni maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya programu. Kwenye kurasa za intaneti lugha hiyo ni JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mtumiaji wa mfumo akiandika skripti yake mwenyewe ili kuongeza jambo ambalo waundaji hawakuliweka, hiyo huitwa skripti maalumu. Maktaba, katika fani hii, ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine ili waandishi wa skripti wazitumie bila kuanza upya. Mojawapo inayojulikana sana ni jQuery, iliyotolewa na John Resig mwaka 2006.

Neno kupakia limetoka kwenye mizigo, na lina kasoro mbili linapotumika hapa. Ya kwanza ni uelekeo. Kwenye simu, “pakia picha” maana yake ni kuituma picha mtandaoni, lakini “inapakia” maana yake ni kwamba ukurasa unakuja kwa mtumiaji. Baadhi ya watu hutumia kupandisha kwa maana ile ya kwanza, na matumizi hayo yanafaa kuungwa mkono ili neno kupakia libaki na maana moja. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: neno hilo limebeba hatua tatu kwa pamoja, yaani kuletwa, kusomwa na kutekelezwa. Lori linaloingia nchini kwa Rusumo, wilayani Ngara, laweza kufika mpakani na mzigo wake ukazuiwa, au ukaruhusiwa na usishushwe. Kwa anayeusubiri mzigo, yote ni mamoja. Fundi anayeambiwa tu kwamba “skripti haipakii” yuko katika hali hiyohiyo.

Mfumo unaoonyesha jambo hili vizuri ni DHIS2, wa kukusanya takwimu za afya, ulioendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima. Takwimu za zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kama Ngara na Biharamulo huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi za huduma za afya, hujumlishwa kila mwezi, kisha huingizwa kwenye fomu ya mfumo huo. Fomu yaweza kusanifiwa ifanane na ile ya karatasi, na ndani yake kukawekwa skripti maalumu. Chukua mfano wa safu ya malaria: kisanduku kimoja ni cha waliopimwa, cha pili ni cha waliokutwa na vimelea. Skripti yaweza kukipaka rangi nyekundu kisanduku cha pili idadi yake inapozidi ya kile cha kwanza, au kujumlisha walio chini ya miaka mitano na walio juu ya hapo.

Kila kisanduku kina jina linaloundwa na utambulisho wa herufi na tarakimu 11, kistari, utambulisho mwingine wa 11, kistari kingine, na neno val. Skripti hukitafuta kisanduku kwa jina hilo. Herufi moja ikikosewa, jQuery haitapata kitu, wala haitalalamika: huendelea na kundi tupu kana kwamba kazi imefanyika. Ndiyo maana kutokuwepo kwa ujumbe wa kosa si uthibitisho kwamba skripti imefanya kazi yake.

Hatua ya kuletwa ndiyo rahisi kuchunguza. Ukibonyeza F12 kwenye kivinjari cha kompyuta, paneli ya mtandao huonyesha kila faili lililoombwa na jibu lililorudi. Jibu 404 lina maana kwamba anwani imekosewa au faili limeondolewa. Ukurasa wa https ukiomba skripti kwa http ya kawaida, kivinjari hukataa kwa sababu za usalama. Maktaba iliyowekwa kwenye seva ya mbali huongeza safari moja zaidi, na palipo na mawimbi hafifu safari hiyo ndiyo hukatika. Ni heri skripti na maktaba vikae kwenye seva ileile ya mfumo.

Katika hatua ya kusomwa, kosa dogo la sarufi huangusha kila kitu. Mabano yasipofungwa, kivinjari huikataa skripti nzima, hata mistari iliyo sahihi. Chanzo cha mara kwa mara ni alama za nukuu: skripti ikiandaliwa kwenye programu ya kuandikia barua, nukuu zilizonyooka hugeuzwa kuwa za kupinda, nazo JavaScript haizitambui kama alama za kufungulia na kufungia maneno.

Ugumu hasa uko kwenye utekelezaji, kwa sababu skripti huweza kuwa sahihi kabisa ila ikatekelezwa wakati usiofaa. Ikiitangulia maktaba yake, konsoli, yaani paneli ya ujumbe wa makosa inayofunguliwa kwa F12 hiyohiyo, huandika “$ is not defined”, maana alama ya $ ndiyo jina fupi la jQuery na bado haipo. Hilo linaonekana. Lisiloonekana ni la DHIS2 yenyewe: katika programu yake ya awali ya kuingiza takwimu, iliyojengwa juu ya jQuery, ukurasa hufunguka kwanza, fomu huletwa baada ya mtumiaji kuchagua kituo na aina ya taarifa, na takwimu zilizokwisha kuhifadhiwa hufuata baada ya fomu. Mwandishi aliyezoea kuiambia jQuery “subiri ukurasa uwe tayari” hapati msaada, kwa kuwa ukurasa ulikwisha kuwa tayari zamani. Skripti huanza mara moja, hujumlisha visanduku vitupu, na kuonyesha sifuri. Tiba ni kusubiri tukio ambalo mfumo wenyewe hulitangaza takwimu zikishaingia, liitwalo dhis2.de.event.dataValuesLoaded.

Sifuri ya namna hiyo haitofautiki kwa macho na sifuri ya kweli, na hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka kuwa suala la afya. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi mwaka huohuo. Milipuko ina njia yake ya haraka ya kutolewa taarifa, lakini anayetaka kujua kama homa za mwezi huu zimezidi kiasi cha kawaida hulinganisha na taarifa za miezi iliyopita. Zikiwa na sifuri za uongo, hana cha kulinganishia.

Kuna pia skripti inayotekelezwa mara nyingi mno. Fomu ikifunguliwa upya bila kufunga ukurasa, skripti husikiliza tukio lilelile mara ya pili, ya tatu na kuendelea, na fomu huanza kuwa nzito. Usikilizaji wa zamani lazima uondolewe kabla ya kuweka mpya. Kinyume chake, HTML, yaani maandishi yanayojenga ukurasa, ikiingizwa kwa njia ya JavaScript iitwayo innerHTML, skripti iliyomo haitekelezwi kabisa. jQuery ndiyo huitoa na kuitekeleza yenyewe. Kwa hiyo fomu ikihamishiwa kwenye programu isiyotumia jQuery, skripti yake yaweza kunyamaza bila kosa lolote kuandikwa.

Mwisho ni nakala ya zamani. Programu ile ya awali ya DHIS2 hutunza fomu ndani ya kivinjari ili kazi iendelee mtandao unapokatika, jambo lenye faida kubwa kwa wilaya za pembezoni. Fomu hutambuliwa kwa namba ya toleo. Kompyuta ambayo haijapata toleo jipya itaendelea kutumia skripti yenye kosa lililokwisha kusahihishwa makao makuu. Kwa upande mwingine, amri ya getScript ya jQuery huongeza alama ya muda kwenye anwani, hivyo faili hupakuliwa upya kila mara na kumaliza kifurushi cha data bure, isipokuwa mwandishi ameruhusu nakala itunzwe.

Anayetoa taarifa ya hitilafu aandike kwamba skripti haikuletwa, haikusomeka, au imetekelezwa vibaya, na anakili mstari mwekundu wa kwanza kwenye konsoli kama ulivyo. Mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo ya ule wa kwanza.