Shamba la Nabothi

Mfalme Ahabu wa Israeli hakuwa mtu wa mchezo. Lipo jiwe la Waashuru lililopatikana Kurkh, Uturuki, mwaka 1861, ambalo leo limewekwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Limechongwa habari za vita vya Qarqar vya mwaka 853 K.K. Ahabu ametajwa humo kwa jina: magari ya vita 2,000, askari wa miguu 10,000. Wataalamu wengine wanasema magari hayo yametiwa chumvi. Haya, punguza nusu. Bado ni bwana mkubwa.

Sasa bwana mkubwa huyo, tukifuata Wafalme wa Kwanza sura ya 21, alijitupa kitandani, akageukia ukuta, akasusa chakula. Kisa? Bustani ya mboga!

Jirani yake Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la mfalme kule Yezreeli. (Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hapo Yezreeli shinikizo la zabibu lililochongwa mwambani.) Ahabu alimwendea kistaarabu, tuseme ukweli. Alimwahidi shamba zuri zaidi, au fedha. Nabothi akakataa. Lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa sheria ya Musa ardhi ni mali ya Mungu, mwanadamu ni mpangaji tu. Mfalme naye ni mpangaji! Hata Omri, baba yake Ahabu, alipokitaka kilima cha Samaria alimlipa mwenyewe Shemeri talanta mbili za fedha.

Yezebeli, binti wa mfalme wa Sidoni, hakuelewa kabisa. Kwake, mfalme anayekataliwa na mkulima ni mfalme gani? Akaandika barua kwa jina la mumewe, akapiga muhuri, akawapelekea wazee wa mji. Watangaze mfungo, wamketishe Nabothi mbele ya watu, watafute mashahidi wawili waseme amemtukana Mungu na mfalme. Sheria ilidai mashahidi wawili, na wawili wakapatikana. Yaani kila kitu kilikwenda kisheria. Nabothi akapigwa mawe, akafa.

Mimi ninayejifunza kuandika riwaya hukwama kwa wale wazee. Yezebeli ni rahisi kumwandika, wabaya wa aina yake wamejaa kwenye madaftari yangu. Lakini wazee waliishi na Nabothi mji mmoja. Walisoma barua, wakatii. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina.

Ahabu akashuka kulichukua shamba. Humo humo shambani akamkuta nabii Eliya, peke yake, bila upanga, akimwuliza iweje aue kisha arithi. Na yule mwenye magari 2,000 akararua nguo zake, akavaa gunia, akafunga. Adhabu ikaahirishwa. Miaka ikapita, akaenda vitani Ramoth-Gileadi amejibadilisha kama askari wa kawaida ili asitambulike. Mtu mmoja akavuta upinde bila kulenga yeyote, mshale ukapenya katika maungio ya mavazi yake ya chuma.

Waandishi wa Ashuru walihesabu magari. Mwandishi wa Wafalme, ambaye hakutia hata jina lake, vita vya Qarqar alivipita kimya kabisa, akakaa kitako kuandika habari za shamba la jirani.