Nyumba ya Mawe ya Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu ni makazi ya mjini ya Waswahili yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji wa Kale wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Nyumba nyingi zilizosalia ni za karne ya 18, enzi ambayo biashara ya Bahari ya Hindi iliwatajirisha wakuu wa mji huo.

Dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa kawaida usiozidi mita 3, hivyo vyumba huwa virefu na vyembamba. Mlango wa mbao uko kwenye daka, yaani ukumbi wa nje wenye baraza za kupokelea wageni. Kutoka hapo, tekani, ukumbi wa ndani ya mlango, huelekea kiwanda, yaani ua wa wazi unaoingiza mwanga na hewa. Misana, vyumba virefu vinavyotazama ua, hufuata, kisha chumba cha ndani kabisa. Kila hatua huongeza faragha ya familia. Kuta za ndani hupambwa kwa zidaka, vishubaka vya plasta iliyochongwa ambamo vyombo vya kauri viliwekwa.

Kwa desturi, binti aliyeolewa alipewa nyumba au orofa yake. Wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro, huunganisha nyumba za jamaa.

UNESCO iliuorodhesha Mji wa Kale wa Lamu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.