Superman Mwenye Pumu

Msomaji aliyekulia karibu na sinema za Unguja au Mombasa hahitaji kusimuliwa jambazi Gabbar Singh wa filamu ya Sholay ni nani. Katika Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, majambazi huivamia treni wakiwa juu ya farasi. Katika Sholay iliyotengenezwa Malegaon mwaka 2000, treni imegeuka basi na farasi wamegeuka baiskeli.

Malegaon ni mji wa wafumaji katika jimbo la Maharashtra, India. Wakazi wake wengi ni Waislamu, na Ijumaa mashine za kufumia zikizimwa, watu humiminika sinema. Nasir Shaikh alikuwa na kibanda cha video mjini hapo. Uhariri hakusomea popote. Aliunganisha deki mbili, akakata na kuunga kanda mpaka akaujua. Waigizaji wake walikuwa watu wa mtaani tu.

Sholay yake hiyo ya kichekesho ilipopendwa, yeye na wenzake wakataka kumrusha Superman. Baiskeli ikaitembeza kamera, mkokoteni wa ng'ombe ukawa winchi ya kuipandisha juu, na kitambaa cha kijani kikatandazwa nyuma ya shujaa ili baadaye kompyuta imweke angani. Siku moja kamera yenyewe, ambayo hawakuwa na nyingine, ilitumbukia majini.

Shujaa huyo alikuwa Shafique Shaikh, kibarua wa kiwanda cha nguo, mwembamba kupindukia. Wengi humcheka kwa wembamba wake, lakini naona hapo si penye utamu. Superman huyu ana pumu, na adui yake ni jitu linalopenda uchafu. Hiyo si Marekani tena. Ni Malegaon yenyewe, na vumbi lake na mitaro yake. Anayeiita kazi hiyo uigaji hajaitazama vizuri.

Faiza Ahmad Khan alikuwapo na kamera yake wakati wa upigaji picha, akatoa filamu ya matukio halisi, Supermen of Malegaon, mwaka 2008. Shafique alifariki kwa saratani mwaka 2011. Mwaka 2024 Reema Kagti naye aliwasilisha Superboys of Malegaon kwenye tamasha la Toronto, safari hii waigizaji wa Bollywood wakiwaigiza Nasir, Shafique na wenzao.

Unayetaka kuzitazama zote mbili, anza na ya Faiza. Mle ndani Shafique ni Shafique mwenyewe.