Albamu Iliyodhaniwa Haijakamilika

Marehemu baba alikuwa fundi redio mjini Molo, na meza yake ya kazi ndiyo iliyonifunza muziki. Redio ikishapona, aliijaribu saa nzima kabla mwenyewe hajaja kuichukua, na kujaribu kwake kulikuwa kusikiliza kantri: Jim Reeves, Don Williams, na wengine wa sauti za taratibu zilizoendana na baridi ya kwetu. Nikakua nikiwajua waimbaji kwa sauti tu. Watunzi sikumjua hata mmoja.

Baadaye nami nikawa mtunzi, wa nyimbo za kwaya. Kaseti ya kwanza yenye wimbo wangu niliinunua dukani kwa pesa zangu. Nikaikunjua karatasi ya ndani, nikaona jina la kwaya, la mwalimu wao, la studio, hata la mpiga picha. Langu halikuwamo. Tangu siku hiyo habari za Willie Nelson, mwimbaji wa kantri aliyeanza kama mtunzi asiyejulikana, nazifuatilia kama za ndugu yangu.

Nelson alizaliwa mwaka 1933 huko Abbott, mji mdogo wa Texas. Kabla Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, haijamjua, shida ilikuwa imeshamfanya auze "Family Bible" kwa dola 50 na "Night Life" kwa dola 150. Mwaka 1961 mambo yakageuka: Faron Young akaimba "Hello Walls", Patsy Cline akaimba "Crazy", na Marekani nzima ikawa inaimba maneno ya mtu isiyemfahamu. Inasimuliwa kwamba Nelson alitaka kumuuzia Young "Hello Walls" kwa dola 500. Young alikataa kuununua, akamkopesha pesa hizo ili wimbo ubaki kuwa wake. Uungwana wa aina hiyo ni adimu katika kazi yetu, na kwa hilo namheshimu Young kuliko kwa sauti yake.

Lakini Nelson alitaka kuimba mwenyewe. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1962, na nyingine nyingi zikafuata, jina lake likiwa juu ya jalada na uamuzi ukiwa mikononi mwa wengine. Nashville ya wakati huo ilikuwa na desturi zake: wapigaji wa kukodi, fidla nyingi, waitikiaji nyuma. Nelson huimba akichelewa kidogo nyuma ya mdundo, kama mzee anayesimulia jambo huku akipima maneno. Sauti kama hiyo ukiirundikia fidla, unaifukia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirudi Texas. Mkataba wake na kampuni ya rekodi ya Columbia ukampa neno la mwisho juu ya kazi yake, na Januari 1975 akaingia katika studio ndogo huko Garland pamoja na bendi yake mwenyewe. Dada yake Bobbie alikuwa kwenye piano, Mickey Raphael kwenye harmonika, Paul English kwenye ngoma. Walimaliza albamu ya "Red Headed Stranger" kwa siku chache, kwa gharama ya takriban dola 4,000.

Na gitaa lake? Ni Martin N-20 la nyuzi za nailoni, alilolipa jina Trigger, jina la farasi wa Roy Rogers. Gitaa la aina hiyo hutengenezwa lipigwe kwa vidole, kwa hiyo ubao wake hauna kinga. Nelson hulipiga kwa kipande kigumu cha kucharazia nyuzi. Mwaka baada ya mwaka mkono wake umeukwangua ubao mpaka ukatoboka, tundu kubwa chini ya lile la asili. Baba angelitazama gitaa lile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Wakubwa wa kampuni waliposikiliza "Red Headed Stranger" walidhani ni rekodi ya majaribio, wakisubiri vyombo vingine viongezwe. Mkataba haukuwaruhusu kuongeza chochote, ikatoka kama ilivyo. Mwaka huohuo wimbo mmoja wa albamu hiyo, "Blue Eyes Crying in the Rain", ukashika namba moja kwenye chati ya kantri, mara ya kwanza kwa Nelson kufika hapo akiwa mwimbaji.

Wimbo huo hakuutunga yeye. Hata ule uliobeba jina la albamu ulitungwa na Edith Lindeman na Carl Stutz. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo albamu si yake kamili. Mimi nakataa. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa na nyimbo zake mwenyewe asiwe na usemi juu ya namna zitakavyosikika. Huko Garland alichagua kila mpigo na kila kimya, na mtunzi yeyote aliyewahi kusikia wimbo wake ukivishwa nguo zisizo zake anaujua uzito wa jambo hilo.

"Blue Eyes" ni wa Fred Rose, aliyefariki mwaka 1954, miaka 21 kabla ya Nelson kuufikisha kileleni. Jina lake limeandikwa kwenye santuri, kando ya wimbo wake.