Histamini na Vipokezi Vyake

Histamini, ambayo jina lake limeundwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya tishu, ni kemikali ambayo mwili huifanya wenyewe kutokana na asidi amino iitwayo histidini, kisha ukaiweka akiba katika seli zilizotapakaa chini ya ngozi, mapafuni na katika kuta za matumbo. Amma istilahi ya pili, kipokezi, ndiyo yenye kuhitaji ufafanuzi, kwa sababu kitenzi kupokea chaweza kumpoteza msomaji, akadhani kuwa protini hii iliyopachikwa katika utando wa seli ni mfano wa bawabu apokeaye barua na kuipitisha ndani pasina kujua kilichoandikwa; ilhali histamini haingii ndani hata kidogo, bali hukigusa kipokezi kwa nje, nacho ndicho kiamuacho seli ifanye nini. Neno lisibadilishwe, kwa rai yangu, madhali limekwisha kukaa vitabuni. Litumike tu kwa maana hiyo pana.

Tone la histamini likitiwa katika ngozi ya mkono kwa ncha ya sindano, hutokea kwanza kidoa chekundu, kisha wekundu ukatanda pembeni kwa kuwa neva zimeamshwa, halafu kivimbe kikainuka pale pale, maana mishipa midogo ya damu imetanuka na kuvujisha maji yake. Ndiyo mambo matatu aliyoyaeleza Thomas Lewis, tabibu wa London, katika miaka ya 1920. Hiyo ni kazi ya kipokezi cha H1, ambacho kadhalika hubana njia za pumzi, huleta mwasho, na katika ubongo humweka mtu macho, hata anywaye Piriton, dawa ya kukizuia kipokezi hicho, akasinzia kabla hajaacha kujikuna.

Dawa ya kwanza ya kuipinga histamini ilipatikana mwaka 1937 kwa juhudi za Daniel Bovet. Walakin dawa za namna hiyo, zilizoushinda uvimbe na mwasho, hazikuweza kuizuia asidi ya tumbo, ambayo histamini hiyo hiyo huichochea. Hapakuwa na jawabu ila kwamba vipokezi ni zaidi ya kimoja, na mwaka 1972 James Black na wenzake wakalithibitisha hilo kwa kukizuia cha H2, na wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo wakaepukana na kisu. Vya H3 hukaa aghalabu katika neva. Vya H4, katika seli nyeupe za damu.

Fauka ya hayo, histamini yaweza kuingia mwilini kutoka nje. Jodari akikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini ya nyama yake kuwa histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mlaji huwiva uso, akaumwa kichwa na kuwashwa, akajidhania ana mzio wa samaki. Dawa ya H1 humfaa huyu kama imfaavyo mwenye mzio wa kweli. Ila huyu hana haja ya kumwacha samaki, amwache muuzaji.