Nani alikuwa ameshika hesabu?

Bandugu, wiki hii nilitaka kuandika juu ya jambo lingine kabisa, lakini kuna deni moja inanisumbua. Ni deni ya pointi moja.

Jumamosi fulani, mimi na rafiki yangu tuliyemaliza naye licence tulikuwa tunacheza tenisi hapa Bukavu, kwenye ile tereni ya zamani yenye nyufa, wavu umefungwa na kamba katikati. Hakukuwa na mwamuzi wala ubao. Watazamaji walikuwa watoto wawili tu, waliokuwa wanangoja mpira upite ukuta. Seti ya mwisho, gemu tano kwa tano, servisi ni yangu. Nikasema: quarante-trente. Yeye akasimama palepale.

"Bongo! Ni trente-quarante. Mimi niko mbele."

Tukaanza kurudi nyuma, pointi kwa pointi, kila mtu na kumbukumbu yake. Jua linashuka. Mwishowe nikamwambia aache ujanja. Lile neno ndilo liliharibu kila kitu. Akaweka raketi kwenye mfuko, akaenda. Tunaimba kwenye korali moja, yeye basse, mimi ténor, na kwa miezi karibu miwili tulikuwa tunasalimiana na kichwa tu.

Mimi nilisoma historia, kwa hiyo hasira yangu ikipoa inaenda kwenye vitabu. Nikajiuliza: watu wa zamani, kabla ya ubao na taa na televisheni, walifanya nini? Nani alikuwa anashika hesabu?

Jibu lilikuwa mahali ambapo sisi wote tulipita bila kuangalia. Kwenye shule ya sekondari kila mmoja wetu alikariri tarehe 20 Juni 1789: wajumbe wa tiers état wanakuta ukumbi wao umefungwa kule Versailles, wanaingia kwenye Salle du Jeu de paume, wanaapa kwamba hawataachana mpaka Ufaransa ipate katiba. Tuliandika hiyo kwenye mitihani, tukapata pointi zetu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwalimu: ile salle ilikuwa ya nini?

Ilikuwa ya mchezo. Jeu de paume ndiyo mzazi wa tenisi. Zamani walipiga mpira na kiganja cha mkono, ndiyo maana ya jina, na raketi ikaja baadaye. Walicheza ndani ya kuta nne. Na hesabu haikuwa ya wachezaji. Kulikuwa na mtu wa pembeni, marqueur, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia, kukumbuka na kutangaza kwa sauti.

Hiyo haikuwa kazi ya mtu mvivu. Katika jeu de paume, mpira ukidunda mara ya pili, mara nyingi pointi haitolewi hapohapo. Wanaangalia ni wapi chini umedunda mara ya pili, wanaita pale "chasse", na pointi inabaki inaning'inia. Baadaye wachezaji wanabadilisha upande, na yule aliyeachia mpira anapata nafasi ya kuigombania tena: anapaswa kufanya mpira wake udunde mara ya pili karibu zaidi na ukuta wa nyuma kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo mtu lazima akumbuke hesabu, na pia alama ya chini, wakati mwingine mbili. Huo mchezo haujakufa. Kuna kumbi chache Ufaransa, Uingereza, Marekani na Australia ambako bado unachezwa, na bado kuna mtu wa pembeni anayetangaza.

Katika Kifaransa cha zamani kuna neno lingine ambalo lilinisimamisha: naquet. Huyo alikuwa kijana wa kuhudumia wachezaji wa jeu de paume. Kutoka hapo wakatengeneza kitendo, naqueter, maana yake kungoja mlangoni kwa mtu mkubwa kama mtumishi. Nitalirudilia hilo neno, juu linagusa nyumba yetu.

Kwanza zile namba. Juu ya nini quinze, trente, quarante? Wengi wanasema ni saa ya ukutani, mshale unaruka robo kwa robo. Ni hadithi tamu, lakini wakati ile hesabu tayari ilikuwa imezoeleka, saa zenye mshale wa dakika zilikuwa bado hazijaenea. Muitalia Antonio Scaino aliandika kitabu kizima juu ya michezo ya mpira mwaka 1555, na yeye tayari alikuwa anatafuta sababu ya hizo kumi na tano. Mwaka 1579 Mfaransa Jean Gosselin akatafuta naye, akaenda mpaka kwenye nyota na digrii za duara. Yaani zaidi ya miaka 400 iliyopita, watu walikuwa wanacheza na hesabu ambayo asili yake walikuwa wamekwisha kuisahau. Kitu kimoja kinaonekana wazi: zamani ilikuwa quinze, trente, quarante-cinq. Ile "cinq" ilianguka njiani, na maelezo ya kawaida ni kwamba ilikuwa ndefu mno kwa mtu anayetangaza siku nzima. Mimi maelezo hayo nayapenda. Hesabu iliishi mdomoni, mdomo ukaikata.

Halafu mchezo ukatoka nje ya kuta. Mwaka 1874 Muingereza mmoja, Walter Wingfield, alipata hati ya serikali kwa tenisi ya kwenye majani. Alikuwa anaiuza ndani ya sanduku: raketi, mipira, wavu. Ndani ya sanduku hakukuwa na marqueur. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, moja moja mpaka 15, na aliyeshika servisi pekee ndiye aliyeweza kupata pointi. Lakini mwaka 1877, Wimbledon ilipotengeneza mashindano yake ya kwanza, waliotunga sheria walirudia ile hesabu ya zamani ya jeu de paume. Kwenye mashindano waliweka waamuzi. Kwenye bustani za watu, wachezaji wakabaki peke yao, kama mimi na rafiki yangu.

Nilifikiri sana juu ya uamuzi ule. Watu wanacheka tenisi kwamba hesabu yake ni ya wazimu. Mimi naona kwa watu wasio na ubao iko na akili. Kila gemu hesabu inarudi kwenye sifuri. Mkisahau, mnapoteza gemu moja tu, siyo mchezo wote. Angalia ping-pong: toka 2001 seti ni pointi 11, zamani ilikuwa 21. Kwenye avenue yetu wazee wanakataa, wanacheza 21 mpaka leo, na ndio wanaogombana zaidi! Ukifika pale kwenye 14 au 15, nani bado anakumbuka?

Na mashine pia zinachoka. Mwaka 2010 kule Wimbledon, John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, kwa siku tatu. Seti ya mwisho iliisha 70 kwa 68. Ubao wa elektroniki ulisimama kwenye 47 kwa 47, waliotengeneza programu hawakufikiria kwamba watu watapita pale. Mwamuzi Mohamed Lahyani akaendelea kutangaza na mdomo wake.

Sasa babu yangu. Alipokuwa mtoto, wakati Bukavu bado inaitwa Costermansville, alikuwa anaokota mipira kwenye tereni ya Wazungu. Mtu mweusi aliingia pale kwa kazi, siyo kwa kucheza. Babu alijua quinze, trente, quarante, égalité, avantage kabla ya kujua kusoma. Alidhani hivyo ndivyo Wazungu wanahesabu kila kitu, hata mbuzi.

Siku moja mabwana wawili wakabishana. Mmoja ndiye bosi wa mahali, mwingine mgeni. Wakamgeukia mtoto: wewe, ulikuwa unaangalia, ni ngapi? Babu akasema ukweli: avantage kwa mgeni. Wakacheka, wakacheza, ikaisha. Kesho yake asubuhi, kwenye mlango, akaambiwa kazi imekwisha.

Hii hadithi aliturudilia mara nyingi, na sisi tulicheka kwenye mbuzi. Mwisho wake nilikuwa siusikilizi vizuri: "Hesabu nilikuwa naijua kupita bo bote. Ila mdomo haikuwa yangu." Marqueur wa Paris naye alikuwa mtu wa mshahara mbele ya mabwana, lakini angalau kusema ndiyo ilikuwa kazi yake. Babu walimpa kazi ya naquet, wakamuuliza swali la marqueur, halafu wakamwadhibu juu alijibu.

Nilipofika hapo nikafungua sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, sehemu ya michezo isiyo na mwamuzi. Wameandika kwamba anayeanzisha mpira ndiye anatakiwa kutangaza hesabu kabla ya kila servisi ya kwanza, kwa sauti ambayo mwenzake ataisikia. Mwenzake akiwa na neno, alisemee pale.

Bandugu, servisi ilikuwa yangu. Gemu nzima sikufungua mdomo. Nilifungua mara moja tu, nilipojiona niko mbele. Halafu nikamwita mwenzangu mjanja.

Chini kidogo wametoa mfano, nikadhani kuna mtu alituangalia ile Jumamosi. Wachezaji wawili, mmoja anasema 40-30, mwingine 30-40. Wafanye nini? Wazungumze kwa utulivu, pointi kwa pointi. Zile wanazokubaliana zinabaki, ile wanayogombania ndiyo inachezwa upya. Pointi tano zilichezwa. Sisi pia tulikuwa tunakubaliana juu ya nne, mbili zangu na mbili zake. Ile tuliyogombania ilikuwa ya kwanza kabisa, mpira wake ulioanguka karibu na mstari: mimi niliuona nje, yeye ndani, na hakuna aliyesema kitu wakati ule.

Jumatano usiku nikamtumia audio. Sikumweleza Scaino wala Wimbledon. Nilisema: "Kaka, ile neno ya ujanja naomba uniachilie. Servisi ilikuwa yangu, ni mimi nilipaswa kutaja. Trente partout, Jumamosi?"

Alama mbili za bluu zikatokea. Kimya. Nikalala.

Asubuhi nikakuta ameandika: "Sawa. Servisi bado ni yako. Lakini safari hii utaje kwa nguvu, hata wale watoto wa kwenye ukuta basikie."