Jubilei ya Bagamoyo

Parokia ya Bagamoyo huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka bahari kutoka Unguja na kuanzisha misheni pembezoni mwa mji. Unguja kwenyewe kazi ilikwisha kuanza mwaka 1860, kwa mapadre na masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Mombasa nako Waagustino wa Kireno walikuwa na nyumba yao karne mbili na nusu kabla. Kwa hiyo kinachosherehekewa Bagamoyo ni kuingia kwa Kanisa Tanzania Bara, wala si mwanzo wa Ukristo katika pwani nzima.

Padre Antoine Horner na wenzake waliuchagua mji huo kwa kuwa ndiko njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikoishia. Pembe za ndovu zilifika hapo, na watumwa pia. Waumini wa kwanza hawakuwa wenyeji wa mji, ambao walikuwa Waislamu, bali watumwa waliokombolewa kwa fedha, wengi wao wakiwa watoto. Walisomeshwa, wakafundishwa ufundi na kilimo. Walipooana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Ulikuwa uhuru wenye masharti: kengele ndiyo iliyopanga saa za sala, za kazi na za kulala. Si wote walioupenda, na baadhi waliondoka.

Mwaka 1872 kimbunga kilibomoa sehemu kubwa ya majengo. Kanisa lililojengwa baadaye ndilo lililopokea mwili wa mpelelezi Mskoti David Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara, safari ya miezi mingi. Kanisa kubwa linalotumika hadi leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914.

Wakati huo misheni ilikwisha kuzaa nyingine. Familia za Kikristo ziliondoka Bagamoyo pamoja na mapadre kwenda kuanzisha Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881, kisha kazi ikafika Kilema, Kilimanjaro. Mji wenyewe ulififia baada ya Wajerumani kuhamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Ndiyo maana jubilei ya parokia hii hujaa wageni kuliko wenyeji: watoto na wajukuu wa misheni hiyo wako bara.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018, ilipotimia miaka 150. Mahujaji walitoka majimbo mbalimbali. Mwenendo wa sherehe za namna hiyo unajulikana parokia zote nchini: jumuiya ndogo ndogo huchangishana miezi kadhaa kabla, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) huvaa vitenge vya sare, kwaya hukesha zikifanya mazoezi, na wakati wa matoleo watu hucheza hadi altareni wakiwa na vikapu vya mazao na mbuzi wa kamba. Bagamoyo huongezeka hija ya makaburi, maana wamisionari wengi wa mwanzo walikufa kwa homa wakiwa vijana.

Katika eneo hilo la misheni upo pia mbuyu wa siku nyingi. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa aliuzungushia mnyororo ili amfunge punda wake. Shina limenenepa na kuumeza mnyororo, na kinachoonekana sasa ni pingili chache tu.